Kinoo cha babu cha rangi mbili, wembe bado unavuta ndevu. Nakosea wapi?

mjukuu_wa_kinyozi

Wakuu habari za jioni. Nina swali la wembe wa kukunja, ule wa chuma kizima ambao vinyozi wa zamani walikuwa wananoa wenyewe, sio huu wa kupachika kiwembe. Nimeshauliza sana mtaani watu wananiangalia tu.

Babu mzaa mama alikuwa kinyozi Ngamiani pale Tanga miaka na miaka, kiti chini ya mwembe na kioo kimetundikwa kwenye shina. Alipofariki bibi akanipa kibweta chake, ndani kuna wembe, mkanda wa ngozi uliokauka, na jiwe. Bibi anasema wembe na jiwe babu aliachiwa na Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge ambaye alikuwa anakuja kunyolewa kila Jumamosi. Wembe umeandikwa Solingen, ule mji wa Ujerumani, mpini ni wa pembe nyeusi. Jiwe lina urefu kama wa kiganja, upande mmoja rangi ya samli iliyoganda, upande wa pili bluu inayoelekea weusi, na ukilipapasa ni laini kama sabuni ya kipande.

Nilichofanya mpaka sasa: nilianza kwa kumwagia mafuta ya cherehani maana nilimuona fundi wa visu anafanya hivyo, halikunoa kitu, nikaliosha kwa sabuni nikaweka maji nikapitisha wembe upande ule wa samli mara mia mbili nimehesabu, halafu kwenye mkanda mara hamsini. Kwenye mkono unachukua nywele mojamoja. Kwenye shavu unavuta, yaani unang'oa, ngozi iliwaka siku nzima na vipele vikanitoka shingoni.

Sasa maswali. Hili ni jiwe gani? Limeshaisha nguvu au mimi ndio sijui? Ninunue la dukani lenye namba? Na kuna jamaa wa baiskeli anapita hapa kunoa visu, nimpe yeye? Nataka sana ninyoe kwa wembe huu, sitaki ukae kwenye kabati kama pambo.

fundi_makali_msa

Hongera kwa kuachiwa kitu kama hicho, na pole kwa shingo.

La baiskeli lifute kabisa kichwani. Sio kwamba hao jamaa hawajui kazi, kwa kisu cha kukatia nyama wanafanya vizuri tu, lakini gurudumu lile likizunguka kavu linatoa cheche na wembe ni mwembamba mno, joto halina pa kwenda. Jirani yangu mmoja hapa Mji wa Kale alikuwa na wembe wa Sheffield mzuri ajabu, akaupeleka, dakika mbili ukarudi na rangi ya bluu kwenye makali. Ile bluu maana yake chuma kimepata moto na ugumu umekwenda, ukinoa leo kesho butu. Mpaka leo naumia nikikumbuka.

Sasa utazame wembe wako kwa upande wa ncha. Utaona mgongo mnene, na mbavu zimeingia ndani kama zimekombwa kwa kijiko. Waliokomba hivyo walikuwa na sababu. Mgongo ndio unaokupimia pembe, ukiulaza wembe bapa mgongo na makali vyote vinagusa jiwe na pembe imeshapatikana bila wewe kukisia. Wembe wenye upana wa milimita 18 na mgongo wa milimita 5 unakupa pembe ya digrii 16 hivi. Kwa hiyo huinui mgongo hata siku moja, ukiinua hata kidogo umeharibu, na wengi waliozoea kunoa visu na mapanga wanakosea hapo hapo.

Na unaenda makali yakitangulia, kama unataka kukwangua jiwe. Ukifika mwisho unageuza kwa kubingirisha juu ya mgongo, makali yasiguse, unarudi. Kwenye mkanda ni kinyume, mgongo unatangulia makali yanafuata, usije ukasahau ukakata mkanda wa babu.

Kabla ya kusema zaidi naomba kitu kimoja. Simama chini ya taa usiku, elekeza makali juu kama unataka kuyatazama usoni, na kama una lenzi ile ya masonara itumie. Makali yaliyokamilika hayaonekani. Ukiona popote pamemeta, hata nukta, hapo ni butu au pana pengo. Niambie umeona nini.

kivu_liege

Jambo ndugu. Mimi ni mtu wa Bukavu lakini niko Liège huku Ubelgiji kitambo sasa, na nimesoma maelezo yako nikasimama maana hilo jiwe nalijua, linatoka karibu sana na kwangu. Wanaliita kotikuli, ukitafuta mtandaoni andika coticule. Linatoka milima ya Ardennes, sehemu za Vielsalm, Salmchâteau na Lierneux, na treni inayotoka Liège kwenda Luxembourg inasimama Vielsalm. Pale Salmchâteau wamegeuza karakana ya zamani ya mawe haya kuwa makumbusho, nilienda na watoto, mashine za kukatia bado zipo.

Jiwe lenyewe lina umri wa miaka milioni 480 hivi. Ile njano inakaa ardhini kama tabaka nyembamba, mara nyingi sentimita chache tu, katikati ya jiwe la bluu ambalo ni jingi. Mchimbaji anatoa bluu nyingi sana apate njano kidogo, ndio maana vipande vikubwa ni ghali, na ndio maana njano mara nyingi haiachwi peke yake, inabandikwa kwenye jiwe jeusi lisipasuke. Sasa tazama lako ubavuni. Ukiona mstari wa gundi basi upande mweusi ni wa kuegemeza tu. Ukiona mawe yameshikana yenyewe, hakuna gundi, basi yalitoka ardhini hivyo hivyo na upande wa bluu nao ni kinoo.

Kinachonoa mle ndani ni garneti, chembe ndogo ngumu zilizojaa kwenye unga laini wa jiwe. Kwenye njano ni nyingi zaidi kuliko kwenye bluu. Ndiyo sababu mafuta hayakukusaidia, hili jiwe ni la maji, na ni la UJI. Chukua kipande kidogo cha jiwe la aina hiyo, kama hakipo tumia bamba la almasi au hata msasa mgumu uliofungwa kwenye kibao, weka matone machache ya maji, sugua juu ya jiwe mpaka utoke uji. Hizo garneti zinang'oka zinaelea kwenye uji na hapo ndipo linapoanza kula chuma. Kwa maji matupu kotikuli linanoa polepole sana, hata mara mia tano utajikuta hapo hapo.

Kujua kama ni lenyewe angalia rangi ya uji. Njano ya kweli inatoa uji mweupe kama maziwa. Bluu inatoa uji wenye zambarau zambarau. Hiyo ya zambarau watu wengi inawashangaza, jiwe la bluu uji zambarau, lakini ndivyo lilivyo.

Na haliishi nguvu ndugu. Linabonyea tu na kujipaka uso wa kung'aa. Lisawazishe kwanza, weka msasa wa maji namba 400 juu ya kioo kinene au kigae kilichonyooka, chora mistari ya penseli juu ya jiwe, sugua kwa maji mengi mpaka mistari yote ipotee kwa pamoja. Ikibaki katikati jiwe bado lina bonde.

mjukuu_wa_kinyozi

Jamani asanteni, sikutegemea majibu ya namna hii.

Nimefanya. Uji wa upande wa samli ni MAZIWA kabisa, na ule wa bluu unatoka kama juisi ya zambarau iliyochanganywa na maziwa, nilimuita mke wangu aje aone. Ubavuni sioni gundi, na mstari wenyewe hauko sawa, unapanda na kushuka kidogo. Kwa hiyo nadhani pande zote mbili ni vinoo.

Kusawazisha kulinichukua saa nzima na nusu maana katikati palikuwa pamebonyea sana. Niseme ukweli nilisita, lile bonde ni mkono wa babu, miaka yote ile. Lakini nikaona angekuwepo yeye mwenyewe angeshasawazisha.

Makali nimeyatazama kwa lenzi. Karibu na ncha kuna sehemu mbili zinameta, moja ni pengo dogo kabisa, nyingine ni mstari wa kama nusu sentimita. Nikatengeneza uji mzito nikanoa mara mia, halafu nikaosha jiwe nikamalizia maji mara hamsini. Umebadilika kweli, nywele za mkono unazinyoa sasa bila shida. Shavuni lakini bado unakwaruza. Hauvuti kama mwanzo ila sio laini, na nimebakiwa na swali lile lile, hivi hili jiwe linatosha au nahitaji la namba kubwa zaidi?

sonara_kkoo

Mkuu mi nitakuambia tofauti na hao. Nanoa vifaa vyangu vya kazi kila siku na nyembe ninazo tatu. Ukishaona pengo usipoteze muda na jiwe la asili, nunua la kiwandani namba 1000, sio ghali, ondoa pengo dakika kumi, tengeneza makali upya, HALAFU ndio uje kwenye jiwe la babu umalizie. Jiwe la asili kutoa pengo linawezekana lakini utakaa mpaka alfajiri na ukichoka mkono unainama, unaanza kula mgongo upande mmoja.

Halafu hilo la namba, hapo wengi wanapotea. Namba ni ya mawe ya kiwandani, ikiwa kubwa jiwe ni laini zaidi, kwa sababu yale wanachekecha chembe za saizi moja wanazigandisha. Jiwe lililotoka mlimani halina namba na anayekuuzia kwa kukuambia "hili ni sawa na elfu kumi" anakisia. Garneti za kotikuli la njano ziko kwenye mikroni 5 hadi 15 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ukienda kwa saizi tu ungesema hilo jiwe halipishani sana na la namba 1000, lakini mkwaruzo linaoacha ni mdogo mno kwa sababu garneti ni kama vipira vyenye pande nyingi, hazichimbi, zinapita juujuu. Kwa hiyo usitafute namba kubwa. Limeshawanyoa watu wengi hilo.

fundi_makali_msa

Nakubaliana na sonara kwenye pengo. Kama anaweza kupata la 1000 alitumie mara hii moja, baada ya hapo hatalihitaji miaka mingi kama hauangushi wembe.

Lakini kwenye kile kinachokukwaruza sasa hivi mjukuu, nadhani naona kosa na ni kosa ambalo hata mimi lilinitesa karibu mwaka mzima. Uliruka. Ulitoka kwenye uji mzito ukaosha ukaenda maji matupu. Sikiliza kinachotokea, uji mzito unanoa haraka lakini wakati huo huo makali yanapita katikati ya chembe zinazoelea na yanagongana nazo uso kwa uso, kwa hiyo uji unatengeneza mteremko, yaani ule ubapa mdogo wa kila upande unaoishia kwenye makali, vizuri ila ncha yenyewe ya makali unaiacha butu kidogo kila mara, haitapita hapo hata ukinoa mpaka kesho. Halafu ukiweka maji matupu jiwe linakuwa polepole mno kuweza kuondoa ule ubutu. Unabaki katikati. Mkono unanyoa, shavu linalia.

Kwa hiyo unapunguza uji taratibu. Hatua ya kwanza uji kama maziwa ya ng'ombe, nusu nusu, yaani kwenda na kurudi upande mmoja bila kugeuza, kidole kimoja kinakandamiza kidogo tu juu ya mgongo, mara thelathini upande huu thelathini upande ule, rudia mpaka wembe unyoe nywele za mkono kwa urefu wake WOTE kuanzia shina, upande wa mpini, mpaka ncha. Usiondoke hapa kabla ya hapo. Ukitaka kujijua kama hujidanganyi pitisha makali mara moja, kwa uzito wa wembe wenyewe tu, juu ya mdomo wa bilauri ya kioo, utaua makali ya uongo yaliyobaki, halafu noa tena na uone kama yanarudi yote. Yakirudi yote basi mteremko umekamilika pande zote mbili.

Hatua ya pili unachovya kidole kwenye maji, tone moja au mawili juu ya jiwe, sasa unageuza kila mara na unakwenda kwa mshazari, unaanzia shina unamalizia ncha, bila kukandamiza. Kama mara ishirini. Tone lingine. Ishirini. Tone lingine. Uji utaonekana unakuwa maziwa yaliyotiwa maji, halafu ukungu, halafu maji yaliyochafuka kidogo, mpaka mwisho unaweka jiwe chini ya bomba na unamalizia hamsini kwa maji safi na mkono mwepesi kabisa. Njia nzima inaweza kula dakika arobaini. Usiifanye ukiwa na haraka ya kwenda kazini.

Utaisikia kwa mkono. Mwanzoni kuna mchanga mchanga, mwishoni wembe unaanza kunata juu ya jiwe kama umelowekwa kwenye gundi nyepesi. Kunata huko ndio furaha yako.

kivu_liege

Fundi amesema sawa kabisa, ila kwa mtu anayeanza kuna njia nyingine nyepesi na mimi nilifundishwa hiyo kwanza. Fanya hatua ya kwanza tu, uji mzito mpaka mkono unyoe kote. Osha jiwe, osha wembe. Sasa chukua tepu ya umeme, kata kipande bandika juu ya mgongo wa wembe, tabaka moja, lisiwe na mikunjo. Halafu nenda kwenye maji safi mara thelathini hadi hamsini mkono mwepesi. Ile tepu inainua mgongo kidogo, pembe inaongezeka karibu digrii moja, kwa hiyo jiwe linagusa ncha ya makali peke yake, sehemu nyembamba kuliko unywele. Maji ni polepole lakini kazi iliyobaki ni ndogo sana kwa hiyo inatosha.

Wako wazee huku hawataki kusikia tepu. Mimi nasema anza nayo, ukishajua makali mazuri yakoje shavuni ndio uanze ile ya kupunguza uji, utakuwa na cha kulinganisha.

Na upande wa bluu usiudharau, unaweza kuutumia kwa ile hatua ya kwanza, njano isiliwe sana. Ni polepole zaidi lakini njano haizaliwi tena.

mtu_wa_texas

Naingia kidogo. Niko Marekani, na huku mawe ya asili ya wembe ni ya Arkansas, yanachimbwa milima ya Ouachita upande wa Hot Springs. Jiwe linaitwa novakulaiti, ni silika, yale madini ya mchanga na kioo, karibu lote, na wenyeji wa asili wa huku walikuwa wanatengenezea vifaa vyao vya kukatia kabla ya Wazungu kufika. Nayataja kwa sababu mjukuu ulianza na mafuta na hukuwa mjinga, mawe ya Arkansas ndiyo yanayotumiwa kwa mafuta na bila shaka huyo fundi wako wa visu ana la namna hiyo au anafuata desturi hiyo. Ni kinyume kabisa na la kwako. Hayatoi uji, ni magumu kama kioo, yanakata kwa uso wake tu, na uso wenyewe ukilainika kwa matumizi ndio linazidi kumalizia vizuri. Lile jeusi na lile linalopitisha mwanga ndio ya wembe. Mimi nalipenda ila nisingemwambia mtu anayeanza alinunue, linahitaji mteremko uwe umekamilika kabisa kabla, na mara mia mbili hapo ni salamu tu.

Wajerumani nao walikuwa na la Thuringia, jiwe laini la tabaka, kijivu, bluu au kijani kibichi, lilisifika dunia nzima kwa nyembe. Japani wana ya milima ya karibu na Kyoto na wanatumia vijiwe vidogo vya kutengenezea uji, vya kutoka Mikawa, kila kimoja na jina lake, botan, tenjo, mejiro, koma, wanashuka kimoja baada ya kingine mpaka uji unakuwa laini zaidi. Ukiangalia ni wazo lile lile la fundi wa Mombasa, wao wanabadili kijiwe badala ya kuongeza tone. Bei zake lakini wacha tu. Kaa na la babu.

dada_muuguzi

Kaka zangu mmefundisha vizuri nami nimejifunza, ila naomba niseme hili maana hakuna aliyeligusa. Wembe huu unanyoa mtu MMOJA. Najua babu alinyoa mtaa mzima kwa wembe mmoja na jiwe moja, ndivyo ilivyokuwa, lakini virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza, na damu yenyewe si lazima uione. VVU hivyo hivyo hatuchezi navyo. Mtu akikuomba umnyoe shemeji au mjomba kwa heshima ya babu, mkatalie kwa upole, atumie kiwembe kipya cha kwake.

Kabla hujautumia uoshe kwa sabuni na maji, makini na maungio ya mpini ambapo uchafu unajificha, halafu ufute kwa spiriti ya asilimia 70 na ukaushe. Dawa ya klorini usitumie hapo, inakula chuma. Na jiwe na mkanda pia viwe vyako peke yako. Vile vipele vya shingoni usivikwangue juu yake, subiri vipone, na ukirudi kunyoa fuata nywele zinakolala, usipande kinyume nazo.

mjukuu_wa_kinyozi

Nimerudi wakuu. Imechukua wiki mbili maana nilisubiri shingo ipone kama dada alivyosema, na jiwe la 1000 nililipata kwa fundi seremala rafiki yangu, akaniazima.

Pengo limetoka kama robo saa hivi, kweli sonara ulikuwa sahihi, ningekesha. Halafu upande wa bluu na uji mpaka mkono ukanyoa kote, nikafanya ile ya bilauri ya kioo, moyo unadunda, nikanoa tena makali yakarudi yote isipokuwa pale karibu na ncha. Nikakumbuka nilikuwa napitisha wembe moja kwa moja, sio mshazari, na nadhani ncha ilikuwa inatoka nje ya jiwe mapema. Nikarekebisha. Halafu njano na tepu, maji, hamsini.

Nimenyoa jana jioni baada ya kuoga maji moto. Mashavu yote mawili, na chini ya taya. Haukuvuta. Nilikuwa nasikia tu sauti ya nywele zinakatika, kama mtu anakunja karatasi nyembamba chumba cha pili. Shingo nimeiacha kwanza. Kidevuni nimejikata kidogo kwa sababu nilisita katikati nikasimama, siku nyingine sitasimama.

Bibi yuko kwetu mwezi huu. Nilikuwa nyuma ya nyumba napiga wembe kwenye mkanda, akatoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Akaniambia babu alikuwa anapiga taratibu zaidi, na kwamba mimi napiga kama nafukuza nzi. Akakaa kwenye ngazi mpaka nikamaliza.

Swali la mwisho, mkanda umekauka una nyufa ndogo, niupake nini? Na wembe niuhifadhije, Tanga hii kila kitu kinashika kutu.

fundi_makali_msa

Bibi yuko sahihi, sikiliza huyo. Mkanda unavutwa ukanyooka, wembe bapa kabisa, uzito wake unatosha, na kasi haina faida yoyote. Ukipiga kwa nguvu mkanda unabonyea na kuzunguka makali, unayafuta mwenyewe kazi ya dakika arobaini.

Mkanda usiumwagie mafuta mengi, utakuwa kama ulimi. Matone mawili matatu ya mafuta ya ngozi kwenye kiganja, usugue kwa kiganja mpaka ngozi ipate joto, uache usiku kucha, rudia kesho. Baada ya hapo kiganja kikavu kila siku kabla ya kunyoa, kiganja kina mafuta yake ya kutosha. Nyufa ndogo si neno kama hazikwaruzi kidole. Zikikwaruza, pitisha msasa laini kidogo.

Wembe, ukimaliza suuza kwa maji, futa kwa tishu, piga mkandani kama mara kumi ili makali yakauke vizuri, halafu hapo sasa ndio mahali pa yale mafuta ya cherehani, tone moja kwenye kidole, pakaa mbavu na makali pande zote. Usiufunge kwenye mpini ukiwa na maji, kutu ya pwani inaanzia kwenye maungio usipopaona. Na usiuache bafuni. Mimi wangu nauweka chumbani ndani ya kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo.

Jiwe lisuuze, liache likauke kivulini, lisiegemee kitu cha kulipasua. Huna haja ya kunoa kwenye jiwe kila wiki. Ukianza kusikia wembe unavuta baada ya miezi miwili mitatu, rudi kwenye njano na maji, mara thelathini, bila uji, uone kama hautarudi wenyewe. Uji uwe wa siku ambayo maji yamekataa.

kivu_liege

Ndugu nimefurahi sana. Nikienda Vielsalm tena nitakutafutia kipande kidogo cha kutengenezea uji, wanauza vile vilivyobaki kwenye kukata, bei si mbaya. Kuna mtu wetu anasafiri Desemba kupitia Dar, niandikie inboksi.